Umbo Kabla ya Rangi: Kubuni Nembo Changamfu katika Nyanda za Kati

Chapa changa inayotaka kujulikana kwa uchangamfu hukabiliwa na kishawishi kimoja tangu siku ya kwanza, nacho ni kumwaga rangi zote zilizomo katika programu ya kuchorea kabla umbo lenyewe halijapatikana. Kishawishi hicho kinaeleweka, kwa kuwa skrini ya kawaida ya simu inaweza kuonyesha rangi zipatazo milioni 16.7 bila kumtoza mchoraji hata shilingi moja, ilhali rangi ya mafuta hununuliwa dukani kopo kwa kopo. Matokeo yake ni nembo inayopendeza siku ya uzinduzi, kisha ikapotea machoni mara inapopunguzwa hadi ukubwa wa ukucha, inapochapwa kwenye pakiti ya bei nafuu, au inapochorwa na fundi wa mabango kwenye ukuta wa duka ambalo vumbi jekundu la Dodoma hulitembelea kila kiangazi. Makala hii inashikilia mtazamo ulio kinyume na kishawishi hicho, kwamba uchangamfu wa nembo hukaa kwanza katika umbo, na kwamba rangi huitwa baadaye kuongeza nguvu katika jambo ambalo umbo limekwisha kulisema.

Nembo, kwa maana inayotumika hapa, ni alama ya kuonwa inayoiwakilisha biashara au taasisi, na inaweza kuwa jina lililoandikwa kwa mtindo wa pekee, herufi moja au mbili, picha iliyorahisishwa, mhusika mwenye uso na mikono, au mchanganyiko wa hivyo. Chapa ni pana zaidi, kwa kuwa inahusu jumla ya yale ambayo mnunuzi huyakumbuka na kuyatarajia anaposikia jina la bidhaa: ladha, bei, lugha ya matangazo, tabia ya wauzaji na hata harufu inayotoka pakiti inapofunguliwa. Nembo haiwezi kuyabeba yote hayo, na mbunifu anayejaribu kuibebesha huishia na mchoro uliosongamana usiokumbukwa na mtu.

Ili maelezo yasielee hewani, ichukuliwe chapa ya kubuni, isiyo na jina, inayotaka kuuzia vijana na watoto wa Dodoma ubuyu wa kupikwa kwa njia ya simu. Mfano huu haukuokotwa ovyo. Mbuyu, ambao wataalamu wa mimea huuita Adansonia digitata, ni mti wa nchi kavu, na msafiri anayetoka Dodoma kwenda Kongwa au Mpwapwa huuona ukisimama peke yake mashambani kana kwamba uliachwa kwa makusudi. Mbegu zake zenye unga mchachu, zikishapikwa kwa sukari na kutiwa rangi, huwa kitafunwa kinachopaka vidole na ndimi wekundu, kutoka Zanzibar hadi bara. Bidhaa yenyewe, kwa hiyo, ina mchezo na ina rangi hata kabla mbunifu hajashika kalamu, na swali lililobaki ni umbo gani litakaloweza kuusimulia mchezo huo hata rangi ikiondolewa.

Jibu la swali hilo lina mfano mzuri kaskazini mwa mkoa huo huo. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, imetawanyika katika eneo la kilomita za mraba 2,336 kwenye miteremko inayopakana na Bonde la Ufa, na mingi kati ya ile ya kale zaidi ilichorwa kwa rangi moja tu, nyekundu, itokanayo na madini ya chuma yaliyosagwa, ilhali michoro myeupe na minene iliongezwa baadaye na jamii za wakulima. Mwanaakiolojia Mary Leakey, aliyeinakili mingi kati yake mwaka 1951 na kuichapisha katika kitabu mwaka 1983, aliwapa wasomaji wa mbali nafasi ya kuona jinsi wachoraji wale walivyojua kuacha. Twiga hutambulikana kwa shingo na mteremko wa mgongo, na binadamu amerefushwa mwili hadi akawa kama fimbo, kisha akapewa kichwa chenye nywele au pambo kubwa kupita kiasi. Sehemu moja imetiwa chumvi, nyingine zimeachwa zijitegemee, na kutokana na tofauti hiyo macho ya mtazamaji hupata furaha ambayo haitegemei wingi wa rangi hata kidogo.

Funzo hilo ni la kanuni, wala si ruhusa ya kunakili. Baadhi ya mapango ya Kolo, katika eneo hilo hilo la Kondoa, bado hutumiwa na wenyeji kwa matambiko, likiwemo la Mongomi, na kuchukua taswira yake na kuibandika kwenye pakiti ya vitafunwa kungekuwa ni kukosa adabu kabla ya kuwa kosa la ubunifu. Kinachoweza kuchukuliwa bila kumuudhi mtu ni uamuzi wa kuchagua jambo moja la kutilia chumvi, na kuyanyamazisha mengine yote.

Jambo gani basi litiwe chumvi katika nembo ya ubuyu? Wabunifu wengi hulitafuta kwa penseli na karatasi kabla ya kufungua kompyuta, kwa sababu penseli hairuhusu kupotea katika mapambo, na kwa sababu michoro ya mwanzo, ambayo takribani kila mtu angeichora, inapaswa kutoka kichwani upesi ili ipishe mingine. Kwa chapa hii, michoro hiyo ya mwanzo inatabirika: mbuyu mbele ya jua linalotua, tunda likining'inia kwenye kikonyo chake, na pengine shada la zabibu, kwa kuwa zabibu, zao linalovunwa Dodoma mara mbili kwa mwaka, limekuwa jibu la haraka kila mtu anapoulizwa mkoa huo unafananaje. Hakuna ubaya katika picha hizo isipokuwa moja: ni mali ya wote, na nembo isiyoweza kumtofautisha muuzaji mmoja na jirani yake haijaanza kufanya kazi.

Njia yenye manufaa zaidi ni kuorodhesha vitendo badala ya vitu. Mla ubuyu hukunja uso kwa uchachu, hufumba jicho moja, hunyonya mbegu hadi iwe nyeupe, huitema, kisha hutoa ulimi nje ili rafiki yake aone umekuwa mwekundu kiasi gani. Katika orodha hiyo fupi kuna nembo kadhaa, na ulimi ulionyooshwa ndio wenye ahadi kubwa, kwa kuwa ni ishara ya utani inayoeleweka na mtoto wa miaka mitatu, na kwa kuwa umbo lake linapatikana ndani ya jina la bidhaa lenyewe. Likiandikwa kwa herufi ndogo, neno hilo lina herufi u tatu, na kati yake zimesimama b yenye mkono unaopanda juu na y yenye mkia unaoshuka chini, hivyo kwamba upande mmoja wa neno unainuka na mwingine unateremka kwa mizani iliyo nadra. Herufi u ya katikati ikijazwa wino wote, inageuka kuwa ulimi. Hakuna kitu kilichoongezwa juu ya maandishi, na mchoro huo hufanya kazi kwa kalamu ya wino mweusi sawasawa na ufanyavyo kwa nyekundu.

Mviringo wa herufi hizo nao una maana yake. Mwaka 1929 mwanasaikolojia Wolfgang Köhler alieleza jaribio ambalo watu huonyeshwa maumbo mawili, moja la mviringo na jingine lenye ncha kali, kisha huulizwa ni lipi linaloitwa "baluma" na lipi "takete", na wengi huligawia umbo la mviringo jina la kwanza. Utafiti uliofuata katika lugha mbalimbali umeonyesha mwelekeo huo mara nyingi, na ndiyo sababu chapa za watoto hupendelea fonti, yaani mitindo ya herufi, yenye kona zilizopindwa na mistari minene. Hapa hata hivyo pana ukinzani unaopendeza: ubuyu ni wa mviringo masikioni lakini mkali mdomoni. Mbunifu makini anaweza kuziacha u zote zikiwa laini, kisha akachonga mkia wa y uwe na ncha, ili uchachu upate mahali pake pa kuchoma.

Mchoro ukishachaguliwa ndipo kazi ya kidijitali inapoanza kwa maana yake halisi, na hapa tofauti kati ya aina mbili za picha haina budi kueleweka. Picha ya pikseli ni mkusanyiko wa vidoa vidogo vya rangi vilivyopangwa kwa safu, kama zilivyo picha zote za kamera, na ikikuzwa kupita kiasi vidoa hivyo huonekana na kingo huwa na ukungu. Picha ya vekta, kwa upande mwingine, huhifadhiwa kama maelezo ya kihesabu ya nukta na mikunjo, mikunjo ambayo hadi leo hubeba jina la Pierre Bézier, mhandisi wa kampuni ya magari ya Renault aliyeitumia kusanifu mabodi ya magari, na kwa hiyo inaweza kukuzwa kutoka ukubwa wa kibonyezo hadi ukubwa wa bango la barabarani bila kupoteza chochote. Mpangilio wa faili uitwao SVG, uliopitishwa na shirika la viwango vya wavuti la W3C mwaka 2001, ni wa aina hii, na programu ya Inkscape, inayopatikana bure tangu 2003, hutosha kuutengeneza. Hapa ndipo biashara nyingi ndogo huumia: nembo hutumwa kwa mteja kama picha ya WhatsApp iliyobanwa, mteja huipenda na kulipa, na miezi sita baadaye mchapaji wa fulana akiomba faili ya asili, hakuna anayejua iko wapi. Mteja anayelipia nembo anapaswa kudai faili ya vekta siku hiyo hiyo, na makubaliano ya kumiliki mchoro yaandikwe kabla fedha haijabadilisha mikono.

Kwa chapa ya Dodoma inayouza kwa simu, makao makuu ya nembo hayako ukutani. Yako katika duara dogo la picha ya wasifu, ambalo hukata pembe zote nne za mchoro bila kuuliza, na katika alama ya pikseli 16 kwa 16 inayokaa juu ya ukurasa wa kivinjari. Jina lenye herufi tano halisomeki katika nafasi hiyo. Ndiyo maana nembo nzuri ya kidijitali huwa na sura zaidi ya moja: jina kamili kwa pakiti na bango, na kipande kimoja, katika mfano huu ile u iliyogeuka ulimi, kwa ajili ya duara. Mchoro usioweza kumegwa hivyo, hata uwe mzuri namna gani, utampa mmiliki wake taabu kila wiki.

Msomaji anaweza kupinga kwamba Tanzania ina sanaa mashuhuri inayofurika rangi, na kwamba hakuna aliyewahi kulalamika. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932 na kufariki Dar es Salaam mwaka 1972, alichora wanyama kwa rangi ya kung'aa iliyotumika kupaka baiskeli, juu ya vipande vya ubao wa nyuzi zilizoshindiliwa, na mtindo uliochukua jina lake umeenea duniani. Lakini michoro yake mwenyewe, tofauti na mingi iliyofuata kwa ajili ya watalii, inaunga mkono hoja ya umbo: mnyama mmoja mkubwa, mgongo wake ukichorwa kwa mkunjo usiosita, akisimama mbele ya uwanda mtupu wa rangi moja. Rangi zinashangilia kwa sababu umbo limetulia.

Tukio lililofundisha wabunifu wengi wa siku hizi lilitokea Marekani. Kampuni ya Slack, inayotoa programu ya mawasiliano ya kikazi, ilikuwa na nembo ya mistari iliyopishana yenye rangi 11, iliyoinamishwa kwa nyuzi 18, na mwaka 2019 ikaiacha, ikieleza kwamba ilikuwa rahisi mno kukosewa: ikiwekwa juu ya rangi nyingine yoyote zaidi ya nyeupe, au ikiinama kwa pembe isiyo sahihi, iliharibika. Nembo iliyochukua nafasi yake, iliyosanifiwa na ofisi ya Pentagram, ilibakiwa na rangi nne na umbo lililorahisishwa. Kabla ya hapo, Apple ilikuwa imetumia tofaa lenye mistari ya rangi sita tangu 1977, lililochorwa na Rob Janoff, kwa sababu iliyokuwa na mantiki ya biashara: kompyuta yake ya wakati huo iliweza kuonyesha rangi, na nembo ikawa tangazo la uwezo huo. Rangi nyingi zinapokuwa na kazi ya kufanya, zinastahimilika. Zikiwa ni za kufurahisha macho tu, huchosha upesi.

Dodoma ina masharti yake ya rangi, ambayo hayamo katika kitabu chochote cha usanifu. Kijani na njano zikiwekwa pamoja katika mji ambao ni makao makuu ya Chama Cha Mapinduzi, hakuna mnunuzi atakayeziona kama majani na jua. Ataona chama, au, akiwa mpenzi wa soka, ataona Yanga, na mwenye kushangilia Simba atapita duka hilo kwa mwendo wa haraka kidogo. Nyekundu na nyeupe humrudisha mtu kwa Simba, na nyekundu yenyewe imekwisha kumilikiwa mitaani na kampuni za simu, kwa kuwa Vodacom iliacha bluu na kuhamia nyekundu mwaka 2011, na Airtel, iliyorithi mtandao uliowahi kuitwa Celtel na kisha Zain, nayo ni nyekundu. Tigo ilipobadilika kuwa Yas mwishoni mwa 2024, vibanda vya wakala vilipakwa upya, na ramani ya rangi ya miji ya Tanzania ikasogea tena. Chapa ya ubuyu haiwezi kuikwepa nyekundu, kwa sababu ndiyo rangi ya ulimi, lakini inaweza kuifanya iwe doa dogo na la pekee ndani ya uwanda wa rangi nyingine isiyo na wenyewe wengi mitaani: zambarau ya zabibu iliyoiva, kwa mfano, au kijivu chenye chembe ya waridi kama gome la mbuyu baada ya mvua.

Suala la kusomeka linahitaji vipimo zaidi ya ladha. Miongozo ya W3C kuhusu ufikivu, yaani urahisi wa kurasa kutumiwa na watu wenye uoni hafifu, hupima tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandhari yake, na huitaka isipungue uwiano wa 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa makubwa. Njano halisi juu ya nyeupe hupata takribani 1.07 kwa 1, yaani karibu haionekani, ilhali nyeusi juu ya njano hiyo hiyo hupita 19 kwa 1. Miongozo hiyo haikuandikwa kwa ajili ya mtu anayetazama simu yenye kioo kilichopasuka chini ya jua la saa saba mchana, lakini mtu huyo ndiye anayefaidika nayo zaidi.

Uchapaji nao hutoza rangi kwa bei yake. Skrini huunda rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu, ilhali karatasi huzipata kwa wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, na zambarau ing'aayo kwenye simu mara nyingi hutoka mashineni ikiwa imepoa. Katika uchapaji wa fulana kwa njia ya wavu, kila rangi huhitaji wavu wake, hivyo nembo ya rangi mbili inaweza kugharimu nusu ya maandalizi ya ile ya rangi nne.

Mchezo, hata hivyo, hauishii katika mchoro uliotulia. Kituo cha muziki cha MTV, kilichoanza kurusha matangazo mwaka 1981, kilithibitisha kwamba herufi moja kubwa inaweza kubaki ile ile huku matumbo yake yakijazwa kila siku rangi na michoro tofauti, na simu zimelifanya wazo hilo kuwa rahisi kwa biashara ya mtu mmoja. Ulimi wa ubuyu unaweza kuchomoza na kurudi, unaweza kuwa zambarau msimu wa zabibu, na unaweza kuwa stika ya WhatsApp yenye pikseli 512 kwa 512 ambayo watoto watatumiana kutaniana bila kuona kwamba wanasambaza tangazo. Baadhi ya chapa huenda mbali zaidi na kuunda mhusika kamili. Shirika la Ubongo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, limeonyesha nguvu ya njia hiyo kwa Akili, msichana wa miaka minne katika vipindi vyake vya watoto wa umri wa awali. Lakini mhusika huhitaji mchoraji wa kudumu, kwani atatakiwa kukaa, kukimbia na kucheka akiwa yule yule, na gharama hiyo si ya kuanzia nayo. Programu za akili mnemba zinazotoa michoro kwa maelezo ya maneno zinaweza kuharakisha hatua ya penseli, ingawa, kwa kuwa zimefunzwa kwa picha zilizokwisha kuwapo, zikiombwa mbuyu hurudi mara nyingi na ule mbuyu wa jua linalotua.

Hatua ya mwisho ni ya kisheria, na ni afadhali ifanyike kabla rangi haijakauka ukutani. Tanzania Bara husajili alama kwa Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986, chini ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, ambako mwombaji hutuma maombi kwa mtandao akitaja daraja la bidhaa katika mpangilio wa kimataifa wa Nice wenye madaraja 45. Peremende na jamii yake huangukia daraja la 30, na juisi daraja la 32, hivyo mwenye mpango wa kuuza vyote viwili ni vyema afikirie mapema. Usajili wa kwanza hudumu miaka saba, kisha huweza kuhuishwa kwa vipindi vya miaka kumi. Neno linalotaja tu bidhaa ilivyo haliwezi kuhodhiwa na muuzaji mmoja, na kwa hiyo chapa ya mfano wetu haitalimiliki jina la ubuyu; itakachoweza kudai ni ule mchoro, herufi tano zilizopangwa hivyo na ulimi katikati. Dai hilo nalo halivuki bahari. Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwanda ya 2008 na msajili wake, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, na kwa kuwa ubuyu wa Zanzibar ndio mshindani mwenye jina kubwa kuliko wote, ombi la pili linapaswa kupelekwa huko mapema.